Riwaya ya Kutisha Gesti ya Matai

"Hapana, shangazi, kitabu hakiwezi kuita radi," nilimjibu, maana alishaniambia mara mbili nikifiche.

Gesti yake pale Matai ilijaa abiria wa kwenda Kasanga waliokwama kwa mvua. Mchana ule nilikuwa nawasomea riwaya ya kutisha: wageni wenye dhambi zao wamekwama kwenye gesti yenye mizimu, wanakufa mmoja mmoja. Mwanzoni walikuwa wanacheka. Halafu radi ikapasua mti wa jirani. Shangazi akakimbia kufunika kioo cha ukutani kwa khanga, kisiite radi.

"Humu kuna mtu ana lake," mchuuzi wa dagaa akasema. "Kama kwenye kitabu."

Macho yakaenda kwa bibi aliyekaa peke yake, amejifunika mtandio mwekundu. Kwetu wanasema nyekundu inavuta radi.

"Bibi, vua huo mtandio au utoke nje!" mchuuzi akafoka.

"Nina baridi. Na wewe, mwanangu, dhambi zako umeziacha nyumbani?"

Mchuuzi akashika mfuko wa bibi, akaanza kuuburuta kwenda mlangoni. Nikaenda kuukalia.

"Hii ni hadithi tu, imetungwa!" nikapiga kelele.

Akauachia. "Sawa. Ila kesho gari likija, huyu hapandi."

Mimi nikaamua: asubuhi nitawahi gari kabla yao wote, nimkalishe bibi siti ya mbele, halafu nisimame pale mlangoni mpaka liondoke naye.