Vile neno moja la daktari lilikaribia kumaliza mbwa ya mzee wangu

Wakuu, niaje.

Mimi huwa nasoma tu hapa na kupita. Lakini hii kitu imenikalia kifuani, na nimeona niimwage yote bila kuongeza chumvi. Mwenye atasema nimetunga, sawa. Mimi nilikuwa kwa hiyo room ya daktari.

Watu ni wachache kwa hii story. Kuna mzee wangu, alistaafu, anaishi Kangemi kwa plot yake. Mbele ni ma-room za kukodisha, nyuma ni nyumba yake. Kuna mimi, msichana wake wa kwanza, naishi Kileleshwa na nafanya kazi town. Mzee huniita Mami juu nimepewa jina la mamake.

Halafu kuna Tosha.

Tosha ni mbwa. Si breed yoyote, ni mbwa koko wa kawaida, brown, sikio moja imelala. Mama aliiokota kwa gate ikiwa ndogo. Mama akafariki, na mbwa ikabaki na mzee. Sasa hiyo nyumba ni hao wawili tu. Mzee hawezi kukubali, lakini mtu anaongea naye sana kwa siku ni Tosha. Anaiongelesha Kikuyu na inamsikia kuliko sisi watoto wake.

Shida ilikuwa mvua.

Kila long rains zikianza, nyasi inamea, kila kona ina unyevu, na Tosha inaanza. Inajikuna usiku na mchana, inajing'ata miguu hadi damu, tumbo inakuwa nyekundu, masikio inanuka. Mvua ikiisha, inapona. Majirani wakasema ni upele. Mmoja akamwambia mzee aipake oil chafu ya gari.

Hapo nisimame kidogo. Wakuu, oil ya gari si dawa ya mbwa. Inachoma ngozi, na mbwa inailamba. Kama kwenu ndiyo mnatumia, acheni leo. Mzee wangu alikataa na namshukuru Mungu.

Msimu wa juzi ulikuwa mbaya zaidi. Vidonda viliingia usaha, tukapiga sindano hadi tukachoka. Ilipopona mzee akaniambia, ikirudi hivi tena, hataiacha iteseke. Ataipeleka idungwe ile sindano ya mwisho, ife bila uchungu. Alisema mara moja na hakurudia. Mzee wangu akisema kitu mara moja, imeisha.

Kwa hivyo jua likiwa bado kali, akatafuta vet mwingine. Clinic ndogo iko Spring Valley. Alienda peke yake na Tosha, mimi nilikuwa job. Daktari ni mama wa Mombasa, mpole sana, nitamwita tu daktari. Kiswahili chake ni kile cha kwao. Mzee wangu ni mtu wa Kiambu, Kiswahili chake ni cha kununua na kuuza. Shikeni hapo.

Akanipigia akiwa na furaha. "Mami, huyu ndiye daktari. Hajadunga kitu. Amesema tusingoje mvua, tuanze saa hii, na chakula."

Aliambiwa aache kuipa nyama ya ng'ombe, juu daktari alishuku ndiyo inaichochea. Akapewa poda kwa kopo. Na akaambiwa kuna lishe ya kuanza mapema. Sikuuliza lishe gani. Mzee alikuwa na matumaini, mimi nani nimuulize maswali.

Wiki zikapita. Sunday moja nikitoka church nikapitia kwake. Nyumba yote inanuka matumbo. Kama wewe si wa huku, Nairobi ukisema matumbo watu wanaona sahani. Ni ile ya ng'ombe, inaoshwa sana, inachemshwa, inakaangwa na nyanya na kitunguu, inaliwa na ugali. Sufuria kubwa ilikuwa kwa jiko. Nilikuwa na njaa, nikajipakulia. Haikuwa na chumvi wala kitunguu, nikasema ni mambo ya pressure ya mzee. Nikaongeza plate ya pili. Mzee ananiangalia tu anacheka.

Halafu mvua ikaanza.

Wakuu, sijawahi kuona Tosha ikiwa hivyo. Kabla hata nyasi imee, ilikuwa imejikwaruza shingo yote. Manyoya ya mgongo yalitoka, ngozi ikabaki kama ya kuku aliyenyonyolewa. Haikuwa inalala. Ikisikia gate, hainuki. Mzee akanipigia na sauti ikiwa chini. "Mami, omba ruhusa kazini kesho. Uje na gari. Nimefanya yote."

Nilijua ni nini. Sikubishana naye.

Njiani alikaa nyuma, kichwa ya mbwa iko kwa magoti yake, imefunikwa leso ya mama. Tukaenda hivyo hadi Spring Valley.

Daktari aliiangalia muda mrefu. Alisema kuna mambo anaweza kujaribu, mzee akakataa, akasema mbwa imeteseka vya kutosha. Daktari akakubali. Akanyoa kaeneo kadogo kwa mguu wa mbele, pale sindano inaingilia, akachukua sindano. Mimi nimesimama kando nalia. Mzee ameshika kichwa ya Tosha, anaiongelesha polepole.

Daktari akasema, vile mtu husema tu kumpa mwenzake pole, "Pole sana, mzee. Nilitaraji ile lishe ya matumbo ingemfaa, japo kidogo."

Mzee hata hakuinua macho. "Nimeipa, daktari. Kila siku. Mwenye matumbo pale soko ananiwekea kabla nifike."

Daktari akasimamisha mkono.

"Mwenye nini?"

"Mwenye matumbo."

"Mzee, umekuwa ukimlisha matumbo ya ng'ombe?"

"Si wewe ulisema. Lishe ya matumbo."

"Na nyama ya ng'ombe si nilikuomba umwachishe?"

"Nyama niliacha siku hiyo hiyo. Matumbo si nyama."

Na wakuu, msimcheke. Nenda bucha yoyote hapa kwetu uitishe nyama, uone kama utapewa matumbo. Nyama ni nyama, matumbo ni matumbo, hata anayeuza ni mtu mwingine. Mzee alifuata maneno vile aliyasikia.

Daktari akaweka sindano chini. Aliiweka mbali, kwa meza ile ingine. Akavuta kiti akakaa mbele ya mzee. "Matumbo yake yeye, mzee. Ya ndani ya mbwa. Nilimaanisha chakula cha kuyatuliza matumbo yake."

Nilifuta machozi nikasogea karibu.

Akauliza, "Na ile poda?"

"Naichemsha nayo. Iingie vizuri."

Ile poda ilikuwa probiotic. Ni bacteria wazuri, wako hai, wanafaa kunyunyiziwa juu ya chakula kikiwa kimepoa. Mzee alikuwa anawapika. Hapo ndipo nikakumbuka zile plate zangu mbili, na kumbe ile haikuwa lunch ya mzee. Saa hizi naweza kucheka. Hiyo siku hakuna mtu alicheka.

Yaani fikirieni. Daktari anashuku ng'ombe ndiyo inachoma hiyo mbwa, na mzee anaamka kila asubuhi kuipikia ng'ombe. Anaosha, anachemsha, anapoza, anaweka kwa sahani. Ikizidi kujikuna, anaongeza. Na hakuna kitu nimewahi kuona mzee wangu akifanya kwa mapenzi hivyo tangu mama aende.

Mzee akamfunika Tosha tena na ile leso. Halafu akasema kwa Kiswahili, ndiyo daktari asikie, "Ningeua mbwa ya bibi yangu na sufuria." Akalia mbele yetu sote, na hakujificha.

Daktari hakumlaumu. Alisema na yeye ana kosa lake, kwamba alifaa kumwambia mzee amrudishie yale aliyosikia kabla hajatoka mlangoni. Akatueleza pole pole kwamba kinga nyingi ya mwili inakaa tumboni, na tumbo likitulizwa mapema kabla msimu, ngozi haishtuki sana mvua ikifika. Hakuahidi kitu. Alisema kuna mbwa inasaidika sana na ingine kidogo tu. Mzee akamwambia ajaribu.

Tosha ilitoka hapo na sindano ya kupunguza mwasho, dawa ya vidonda, na chakula kingine kabisa. Samaki na viazi vitamu, kitu haikuwa imekula sana mbeleni. Poda juu, chakula ikiwa baridi. Mara hii daktari alimfanya mzee arudie yote kwa Kikuyu, mimi nikitafsiri, kama mtoto wa Sunday school.

Iko hai. Bado inajikuna, sitawadanganya, na masikio tunasafisha kila mara. Lakini manyoya ya mgongo yamerudi, na gate ikilia inabweka. Jua likiwaka tena tutaanza mapema, vizuri sasa.

Kitu bado inanishtua si matumbo. Ni ile pole. Daktari hakuwa na haja ya kuisema. Angefanya kazi yake kimya, vile wengi hufanya, tungeenda nyumbani na leso tupu, na mzee angemaliza maisha yake akijua alifanya kila kitu aliambiwa. Na hakuna mtu angekuja kumwambia vingine, juu hakuna mwenye angejua.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi naongeza: kuelewa haraka ndiyo hatari. Ukiambiwa kitu na daktari, wa mtu ama wa mnyama, mrudishie kwa maneno yako kabla utoke. Mzazi wako akienda peke yake, mpigie umuulize neno kwa neno. Na kama mbwa yako huwashwa kila mvua, usingoje mawingu, ona vet mapema, na kabla useme imechoka, angalia sahani yake.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Niambieni mbwa kwenu inakula nini, na ni nani aliwaambia muipe.