Kipande Nyeusi ya Mama Ngalula

Miaka kumi na saba mama yangu, Ngalula, aliosha machupa mu labo moja ya université, ku Kasapa. Bantu ba pale balizania anaosha tu. Alikuwa anaangalia.

Profesa mumoja alikuwa anatafuta namna ya kutosha mu maji gaz ya kuwaka, kwa nguvu ya jua. Alitaka platine, chuma yenye iko bei kali. Mu mwaka wa 92 kila kintu ikaanguka: labo ikafungwa, profesa akapanda ndege. Mama akarudia kwetu, mu mutaa ya Ruashi, na plaki ndogo ya kutengeneza umeme na jua, yenye balitupa, na vipande vya wavu wa nickel.

Pa nafasi ya platine aliweka unga nyeusi ya cobalt, ya udongo yetu. Aliipika mu kikaango ishike ku wavu. Ikabambuka. Akapika tena. Mara ya kumi na mbili ikashika. Akatumbukiza kipande mu maji ya majivu, ile ile anapikia sombe, majani ya muhogo, akafunga waya ya plaki, akaweka ku jua. Povu ikapanda, gaz ikajaa mu chupa.

Siku ya Mungu, kisha misa, jirani yetu Papa Jeannot alikuwa analeta batoto bake.

"Mama Ngalula, lete alumeti! Leo nawasha miye!"

"Uwashe, lakini usikimbie kama juma yenye ilipita."

Papa Jeannot anakwaruza alumeti, anaweka moto ku mudomo ya chupa: paa! Batoto banaruka, ye anacheka mupaka anashika tumbo. "Eh mama, siku moja tutasonga bukari na moto ya maji!"

Kisha bakubwa ba siasa bakaanza kusema Bakasai, ni siye benye bankambo balitoka Kasai, barudie kwabo. Kwabo wapi? Miye nilizaliwa Ruashi. Kasai sijaiona hata siku moja.

Asubui moja bijana ba bale bakubwa baliingia mu lupango, kiwanja ya nyumba yetu, na fimbo. Mbele yabo, Papa Jeannot, kidole juu.

"Ile pale. Huyu mama anatengeneza bomu."

Mama hakulia. Alikamata chupa, akamunyoshea alumeti.

"Uwashe, Papa Jeannot. Si ni weye unawashaka?"

Akaangalia chini. "Siijue hii kintu."

"Huijue? Na ule anachekaka hapa kila Siku ya Mungu, ni pacha yako?"

Kijana mumoja akacheka. Ile kicheko ndiyo ilimuchoma Papa Jeannot. Akapiga chupa na fimbo, na bengine bote bakaanza kuvunja. Mu ile fujo niliona mukono ya mama: kipande nyeusi ikaingia mu chungu ya sombe.

"Chukueni chakula yenu, muende ku gare!" bijana bakatupigia kelele.

Siku tatu tulilala ku gare, tukingoja treni ya kwenda Kasai. Siku ya tatu nilirudia kinyemela kutafuta bilanketi. Plaki yetu ilikuwa juu ya nyumba ya Papa Jeannot. Waya ilishuka mu dirisha, redio ilikuwa inaimba. Ye mwenyewe alikuwa analala ku kivuli, mudomo wazi.

Nikamwambia mama.

"Bomu yangu, na analala chini yake?"

"Ndiyo, mama."

Mama akatosha ile kipande nyeusi mu kitambaa, akaifunga mu mukono yangu.

"Plaki, tutapata ingine. Hii ilinikatala mara kumi na moja. Usiipatie muntu."

Treni ikafika, bantu bakasukumana. Nilipanda nikishika kipande nguvu, mupaka ule wavu ukanikata kiganja. Sikuachilia.