Bastola ya Babu na Majirani wa Troyeville

Nikinusa mafuta ya taa hata leo, mdomo wangu unapata ladha ya chuma. Ni kwa sababu ya majira yale ya baridi nilipokuwa na miaka tisa, tukiishi vyumba viwili vya uani kule Troyeville, Johannesburg, na bastola ya babu ikiwa vipande vipande ndani ya kopo la majarini lililojaa mafuta hayo, chini ya meza ya kulia chakula. Baba alikuwa fundi wa kukarabati cherehani. Mchana kutwa alikuwa karakanani kwake Doornfontein, jioni ananawa mikono, anakula, kisha anaichafua tena kwa kutu ya bastola. Mama alikuwa hataki hata kuiangalia. "Tukikutwa na hicho chuma tutarudishwa wote, na makaratasi yenyewe ndiyo haya ya kuombaomba," alisema. Baba alijibu kwamba haina risasi na haitakuwa nayo, akaendelea kupiga tupa.

Bastola ilikuja na Kambo. Ndivyo tunavyomwita bibi kwetu Kongo, upande wa Kongolo. Babu alikuwa amefariki miezi kadhaa kabla, na Baba, kifungua mimba wake, hakuweza kwenda kumzika, maana mkimbizi akitoka Afrika Kusini kurudi kwao, kuingia tena ni majaliwa. Basi Babu akazikwa kimya, na katika ukoo wetu hakuna aibu kubwa kuliko hiyo. Mzee akifa, mrithi wake hufyatua bastola ile alfajiri, baruti tupu, mlio mmoja. Wanaousikia hutoka majumbani mwao wakaja, huyu na unga, yule na kuni, na ni hao waliokuja wenyewe wanaomshika mjane mikono na kumwinua kutoka mkekani. Hapo ndipo matanga yanapomwishia. Kabla ya hapo halali kitandani, haketi kwenye kiti, hampi mtu mkono. Kambo alishuka kwenye basi akiwa amenyolewa kichwa, bastola na kifuko cha baruti amevifunga ndani ya vitenge katikati ya mfuko wa dagaa, na siku hiyohiyo akatandika mkeka wake kwenye saruji ya Johannesburg, katika baridi ile inayoingia mpaka kwenye meno, akaketi.

Tatizo ni kwamba bastola ilikuwa imechoka kuliko Kambo mwenyewe. Ilikuwa ya gumegume: kinyundo kinashika jiwe, jiwe linapiga kibati cha chuma, cheche zinaangukia baruti. Lakini springi ilikuwa imelegea, jino la kuzuia kinyundo lilikuwa limelika mpaka kinyundo kinadondoka chenyewe, na kile kibati kilikuwa kimelainika kwa kupigwa na jiwe miaka na miaka. Baba alikata springi mpya kutoka saa mbovu ya ukutani, akaipasha motoni ikawa nyekundu, akaizamisha kwenye mafuta, chumba kikajaa moshi tukakohoa wote. Ikavunjika. Akakata nyingine, nayo ikavunjika. Sehemu moja tu hakuigusa kwa tupa, kishimo kilichochimbwa kwenye kinyundo na kidole gumba cha Babu na cha baba yake Babu. Kila jioni Kambo aliuliza kutoka mkekani, "Imeamka?" Baba akajibu, "Bado, Mama." Kikohozi cha Kambo kilikuwa kimeshaanza. Tulimwekea maboksi chini ya mkeka, akayatoa. Nilikichukia kile kikopo, nasema kweli. Nilitamani Baba ashindwe kabisa ili tumlazimishe Kambo apande kitandani, potelea mbali.

Hakushindwa. Jioni moja alivuta kifyatulio, kinyundo kikaanguka, cheche zikatawanyika mezani na harufu kali ya jiwe lililopigwa ikatufikia sote. Kambo aliinua kichwa. "Hiyo ndiyo harufu yake," alisema, akafunika mdomo kwa kitenge kwa sababu alikuwa anacheka, na mjane wa mkekani hatakiwi kucheka. Usiku huo alimaliza sahani nzima ya bukari, ugali wa kwetu. Hata Mama alilegea. Aliazima sufuria kubwa ya kanisani ili wageni wasikose chakula, akataka pia awapigie simu kina mama wa kwaya kuwaambia. Kambo alikataa katakata. Anayeitwa kwa simu ni mgeni wa sherehe, alisema, na yeye alitaka watu.

Ilikuwa Jumapili alfajiri. Mama alikuwa amekesha akipika maharage, Kambo alikuwa ameoga na kuhamishia mkeka wake mlangoni ili aonekane kutoka barabarani. Baba alivaa koti lake la ibada, akasimama katikati ya ua, akainua mkono. Kishindo chake sijakisikia tena maishani. Moshi mweupe ukapanda, na Kambo akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, tayari kushikwa. Kisha tukasikia Troyeville ikijibu. Mlango ukafungwa. Mwingine ukafungwa. Komeo likaburutwa, pazia likavutwa ng'ambo ya barabara, mwanamke akamwita mtoto wake aingie ndani haraka, halafu hakuna kitu. "Wanavaa," alisema Kambo. Baada ya kitambo akasema, "Wanatafuta viatu." Mikono yake hakuishusha. Nilimtazama Baba na nikaona usoni mwake kwamba ndipo alipoelewa. Miaka yote aliyoishi mji huu, kila mlio wa bunduki ulipolia, ni yeye aliyetulaza sakafuni na kutufunika kwa mwili wake. Alikuwa ametengeneza kila kipande cha kitu kile, na hilo halikumpitia akilini hata mara moja.

"Hawakusikia?" Kambo aliuliza.

"Wamesikia, Mama," Baba alisema.

Mchana Mama aliwapigia simu kina mama wa kwaya bila ruhusa, wakaja wakiimba. Wa kwanza alipoinama kumshika, Kambo akamuuliza ni nani aliyemwambia. Mwanakwaya yule, maskini, akasema ukweli, na Kambo akarudisha mikono yake chini ya kitenge. Kesho yake jirani yetu MaNkosi alimsimamisha Mama kwenye spaza, kiduka cha mtaani. "Eish, mlisikia jana? Nimejificha chini ya kitanda mpaka jua likatoka," alisema. Mama akamjibu kwamba tulisikia. Kambo alifariki kabla baridi haijaisha, akiwa palepale mkekani, mjane bado. Baba hakumfyatulia. Aliifungua bastola kipande kwa kipande, akawapa vijana wanaokusanya vyuma kwa mikokoteni, na kwa miaka iliyobaki ya uhai wake sikumsikia akimtaja Babu.

Siku hizi nakaa Bez Valley, si mbali na pale, kwenye nyumba yenye geti la umeme na nyaya juu ya ukuta. Wanangu wanakielewa Kiswahili lakini wananijibu kwa Kiingereza. Kambo wanamjua kwa picha moja. Baba naye amekwenda, na matanga yake tuliyatangaza kwenye kundi la simu, watu wakaja kwa saa iliyopangwa na kuondoka kwa saa iliyopangwa, nami nikawashukuru. Wiki iliyopita alfajiri ulilia mlio mmoja tu, upande wa Bertrams. Binti yangu, ambaye ana miaka tisa, alikuwa ameshalala sakafuni kabla mimi sijaamka vizuri, akanivuta mkono nishuke. Nikashuka. Saruji ilikuwa baridi ileile. Nilisubiri mlio wa pili, kwa sababu wahalifu hawafyatui mara moja wakanyamaza, lakini haukuja. Nikawaza kwamba huenda kule kuna mlango uliofunguliwa na mtu aliyenyoosha mikono, anawaambia watoto wake kwamba tunavaa. Viatu vyangu vilikuwa palepale karibu na kitanda. Sikuvivaa.