Kaburi la Mwongoza Njia wa Lambwe

Siku Dishon Ogweno alipozikwa nyumbani kwao katika bonde la Lambwe, mwenyewe alikuwa hospitalini, mbali huko ng'ambo ya Kisumu, ameketi kitandani akinywa uji na kulalamika kwamba hauna sukari. Usicheke. Yaliyomkuta hayachekeshi hata kidogo.

Huyu ndiye aliyezijua njia za bonde lile kuliko hata wanyama wake. Kabla ya Uhuru alikuwa mmoja wa vijana wa panga, wale serikali iliowaajiri kufyeka vichaka ili mbung'o wakose pa kujificha. Miaka minne alifyeka. Basi lilipoanza kupita barabara ya juu kutoka Homa Bay, walimu na wanafunzi, na mara mojamoja Mzungu mwenye darubini shingoni, wakawa wanashuka kwenye kona ili watembee bondeni kuwatazama korongo, wale swala wakubwa wenye nyuso kama zilizopakwa masizi. Nani awaongoze? Dishon. Akazifungua njia upya, akalaza magogo juu ya vijito, na kila njia panda akafunga fundo la majani upande wa kufuata. Javan, kondakta wa basi, akifika kona ile alikuwa anapiga bodi kwa kiganja na kupaza sauti: "Wa Dishon, shukeni!"

Na mdomo alikuwa nao! Mgeni akiuliza kumebaki umbali gani, anajibiwa "Hapo tu," na hiyo hapo tu ya Dishon ni saa mbili za kupanda na kushuka. Mkewe Jedidah alizoea kumwambia, "Baba Helen, siku moja watu hawa watakupiga." Yeye anacheka tu, anachukua fimbo yake, anakwenda kulingoja basi.

Mwezi wa nne, mwaka wa 1965, aliwaongoza walimu watatu wageni. Tangu wiki iliyotangulia kichwa kilikuwa kinamgonga na shingo imekaza, lakini alinyamaza, mwanamume wa kazi huyo. Mvua ilinyesha huko juu wakiwa katikati ya bonde, na mto ukaja umejaa. Dishon alivua koti na kofia, akavitundika kichakani, akawavusha walimu kwa kamba mmoja mmoja. Alipogeuka kuyarudia mavazi yake, kichaka chenyewe kilikuwa kimeshachukuliwa na maji. Wakaendelea. Kabla ya kufika barabara ya upande wa pili alianguka, akawa haelewi aulizwalo. Yalikuwa malale, ugonjwa wa usingizi uletwao na mbung'o. Walimu walimbeba, wakapata lori, lori likamfikisha Homa Bay, na kutoka hapo akapelekwa mbali kwenye madaktari wa ugonjwa huo.

Sasa hapa ndipo mtu anapopandwa na hasira. Walimu wale watatu wasomi, kila mmoja alidhani mwenzake amepeleka habari nyumbani kwa mgonjwa. Hakuna aliyepeleka! Dishon alipopata fahamu baada ya siku chache aliambiwa, "Tulia, kwenu wanajua." Akatulia.

Kwao walijua nini? Walijua koti na kofia vimeokotwa kwenye matete, mbali chini ya mto. Kakake mkubwa, Caleb, aliwaongoza wanaume siku saba ukingoni wakichokoachokoa kwa miti. Hakuna aliyevuka, maana mto ulikataa kupungua, na walimu wale wageni hawakurudi tena upande huu wakaulizwa. Na Mjaluo haachwi hivihivi bila kaburi. Maji yakishaunyima ukoo maiti, hutafutwa yago, tunda lile refu zito la mvungunya, likavikwa sanda, likaliliwa, likazikwa mahali pa mtu. Ndivyo walivyomzika Dishon, upande wa kulia wa nyumba yake. Javan alisimamisha basi kwenye kona akaja kuimba.

Mwezi wa tisa Dishon aliruhusiwa, amekonda lakini mzima, ana hamu ya samaki na ya mkewe. Kituoni Homa Bay alimwona Javan mlangoni mwa basi, akafurahi.

"Omera, ndugu yangu Javan! Nikatie tiketi ya kwangu!"

Javan alimtazama. Alirudi nyuma hatua moja, mbili, akamkanyaga mama mmoja mwenye kuku, kisha akaingia ndani na kukaa karibu na dereva akimpa mgongo. Dishon alipanda, akaketi. Wawili waliokuwa kiti hichohicho waliinuka. Njia nzima hakuna aliyemsalimu, na walipofika kwenye kona Javan hakupiga bodi wala hakuita. Dishon alishuka akijiambia, kumbe malale hutisha watu namna hii?

Aliiteremka njia yake mwenyewe. Ilikuwa imeota majani mpaka magotini. Alipokaribia ua wa boma lao alisikia sauti ya Roselyn, mke wa Caleb, akiita kwa ukali:

"Dishon! Dishon, utanyamaza lini wewe?"

"Nipo, shemeji!" akajibu kwa furaha, akatokeza langoni.

Roselyn alikuwa anabembeleza mtoto mchanga. Mtoto amezaliwa mwezi uliopita, amepewa jina la marehemu, kama desturi ilivyo. Roselyn alimwona aliyemwitikia. Yowe alilolitoa lilisikika mpaka mtoni. Alimkumbatia mtoto kifuani na kukimbia nyuma ya ghala akipiga kelele, "Amekuja kumchukua! Amekuja kumchukua mwenye jina lake!"

Watu wakatoka mbiombio. Kati yao alikuwamo mwanamke aliyenyolewa kipara, amevaa koti kuukuu la kiume. Dishon alilijua koti kabla ya kumjua mwanamke. Ni koti lake, na ni Jedidah. Koti la marehemu huvaliwa na mjane. Macho yakamwendea yenyewe upande wa kulia wa nyumba yake, akakiona kichuguu cha udongo ambacho bado majani hayajakifunika vizuri. Aliketi chini palepale, nje ya lango.

"Nani yuko mle?" aliuliza, ingawa alishajua.

"Wewe," Caleb alijibu. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini amesimama katikati ya lango na mikono ameitandaza. "Ndugu yangu, nakuona. Nakuona ni wewe. Lakini usipite hapa."

"Caleb! Mimi si mzimu. Nishike mkono uone!"

"Nikikushika itasaidia nini? Mtu akishazikwa amezikwa. Ukiingia, lile kaburi litakuwa na deni la mtu, na litamchukua wa kumchukua. Nina watoto sita, Dishon. Wa mwisho ana jina lako."

Haki ya Mungu, ni bora angepigwa. Angepigwa angejua la kufanya.

Siku tatu alikaa nje ya ua wake mwenyewe, chini ya kibanda cha matawi. Wazee wa ukoo walikuja wakabishana. Mmoja alisema atobolewe mlango nyuma ya boma, aingilie huko asipite langoni. Mwingine alisema ahamie mbali, akajenge kwa watu, aoe upya na aitwe jina jingine. Katekista alipita akasema mambo ya Lazaro, akajibiwa kwamba Lazaro alikuwa na maiti yake mwenyewe kaburini, si tunda. Mwisho wakakubaliana na Caleb: ahame. Jedidah hakuulizwa. Mjane haongei na watu ovyo, na siku zote tatu alikaa mlangoni mwa nyumba yake akimtazama mumewe toka mbali. Binti yao Helen alikuwa anawekewa chakula mkononi akipeleke nje ya ua, akiweke chini, arudi bila kugeuka. Mtoto wa miaka saba! Dishon alikuwa anakula huku analia, bila aibu.

Asubuhi ya siku ya nne alifunga kifurushi chake cha nguo aondoke. Alisimama langoni kuaga. Hapo ndipo alipomwona Jedidah ameinuka, amechukua jembe ukutani, anaelekea kwenye kaburi.

Hakuna aliyeelewa mpaka jembe lilipozama.

"Mama Helen! Una wazimu?" Caleb alipiga kelele. Wanawake walijishika vichwa. Kufukua kaburi! Mchana kweupe, tena mjane, tena kwa mkono wake! Roselyn alikimbia na watoto. Wazee wawili waliojifanya hawaogopi chochote walitoka kupitia kwenye ua wa miiba, kanzu ya mmoja ikabaki humo. Caleb alimwendea hatua tatu, jembe likainuka kumwelekea, akasimama.

Jedidah alichimba mpaka kiunoni, peke yake, akihema. Alishuka shimoni, akatoka amepakata sanda yenye udongo, na ndani yake kitu kilichooza nusu. Alitembea nacho moja kwa moja hadi langoni, akakiweka mikononi mwa Dishon. Dishon alihisi uzito wake.

"Huyu ndiye niliyemlilia," Jedidah alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake tangu arudi. "Miezi mitano nimemlilia, sauti imekauka. Kamtupe mtoni kunakomhusu."

Akavua lile koti, akamtupia begani.

"Kisha urudi uvae koti lako. Ukihama, Dishon, nitakuwa mjane kwelikweli, na mimi machozi mengine sina."

Dishon aliteremka mtoni na maiti yake mikononi. Aliporudi alimkuta Jedidah peke yake langoni, jembe mkononi, na nyuma yake boma zima likimtazama mwanamke huyo kwa hofu ileile ambayo siku tatu zile walikuwa wanamtazama nayo Dishon. Akampita mkewe akaingia, na hakuna aliyethubutu kumzuia.