Ndege ya Bwanaheri Iliyochelewa

Bwanaheri bin Rashid ni fundi wa redio na saa hapa Voi. Kibanda chake kiko nyuma ya msikiti. Watu wanamsifu sana. Mimi naandika ninayoyajua.

Alikwenda vita vya Wajapani kule Bama, jeshi likamfundisha simu ya upepo, isiyo na waya. Mkewe, Mwanamina, anasema alirudi na mapenzi ya vitu visivyomfaa mtu. Ni kweli. Wenzake wakicheza bao jioni, yeye alikuwa akichonga ndege ya mbao nyepesi. Ina injini ndogo inayolia kama nyuki. Haina kamba. Bwanaheri anabaki chini na kisanduku chenye fimbo ndefu ya chuma. Akibonyeza kitufe, mkia wa ndege unageuka kule juu. Bwana DC alikuja kuiangalia, akampa kibali, akaenda zake akicheka.

Mabawa, aliyeyavika nguo ni mke wangu, Wakio. Kifua kilikuwa kimeshaanza kumsumbua. Alikata kitambaa chake cha hariri, cha arusi. Sikupenda.

"Baba Danson," akaniambia, "kikae sandukuni kinafanya nini?"

Bwanaheri akamwahidi: "Mama, ndege hii nitaileta mpaka juu ya paa lako."

Nyumba yetu iko ng'ambo ya reli, upande wa Sagalla. Wakio akakaa mlangoni kungoja. Ndege ikifika karibu na reli inaacha kusikia, inakwenda inavyotaka. Mara ya kwanza iliangukia kwenye mkonge. Mara ya pili, miibani. Kila mara fundi anakuja kuomba uzi wa kushonea mabawa na kusema, "Kesho, mama." Hiyo kesho tukamzika Wakio.

Matanga yalipokwisha nikamwona anakuja na ndege yake mkononi.

"Usiilete kwangu."

"Mzee Mwandawiro, nimelijua kosa langu."

"Unalijua ukishamaliza kuahidi wagonjwa."

Akaishusha ndege chini. Afadhali.

Crispus, mdogo wangu, alikuwa amekaa pale. Akadakia: "Kaka, hiyo hasira yako ndiyo inaangusha ndege. Tasa."

Kwetu Wadawida, hasira ya moyoni inaumiza watu hata kama mwenyewe hajanyoosha mkono. Basi mtu anatia maji kinywani, anayapuliza chini, anasema maneno ya kuiachilia. Ndiyo kutasa. Lakini ukitasa na moyo haujaachilia, umedanganya.

"Ilianguka kabla sijakasirika, mjinga wewe," nikamwambia.

"Maji nayataka kweli," Bwanaheri akasema, "lakini ni ya ardhi. Kule Bama tulikanyaga matope mwaka mzima. Chombo ukikichomeka popote kinasikika mbali. Nami hapa nikakipanga vilevile, juu ya vumbi kavu lisilopeleka mawimbi. Tena chini ya nyaya za simu za reli!"

Akakihamisha kisanduku mpaka uwanjani, mbali na zile nyaya. Akatandaza waya za shaba chini, kuizunguka fimbo, kama njiti za gurudumu. Akatia betri mpya. Crispus akamwaga maji mpaka udongo ukawa mweusi.

Ndege nikaichukua mimi. Sikumwachia mtu mwingine hariri ile. Kazi yangu ilikuwa kutembea nayo, naye abonyeze. Mkia ukigeuka, niinue kofia. Nikafika kwenye reli. Tak, ukageuka. Nikavuka. Tak. Nikafika mlangoni kwangu, pale alipokuwa akikaa Wakio. Tak.

Hapo ndipo nilipokasirika hasa. Kumbe ni maji tu! Mtungi ulikuwa karibu na miguu yake siku zote alizongoja. Na huyu fundi anakuja kuomba uzi.

Nilirudi simsemeshi mtu. Bwanaheri akaweka ndege chini, akazungusha rafadha, lile panga la puani, ikaruka. Crispus akanisogezea kata ya maji. "Kaka, hata kidogo tu." Nikatia maji kinywani, anyamaze.

Ndege ikapita reli. Nilikaza macho mpaka yakauma. Bwanaheri anabonyeza, midomo inamcheza, sijui dua. Ikafika juu ya paa letu, jua likapenya kwenye hariri, ikawaka. Ikazunguka. Ikarudi ikitii, ikatua miguuni petu, kitambaa kizima.

"Sasa, kaka," Crispus akanong'ona. "Sasa."

Bwanaheri alikuwa ananitazama. Nikayameza.

"We kaka! Umemeza?"

"Umechelewa," nikamwambia Bwanaheri.

"Najua, mzee wangu."

Tangu hapo kila Jumamosi anairusha mpaka juu ya mlango ule na kuirudisha. Haijaanguka tena. Crispus anataka kumwaga maji, namkataza, anayamwaga ovyo. Ya ardhi nachota mimi, kwa mtungi wa Wakio. Ya kinywani bado.