Urafiki wa Vinzenz Hochlahner

Kabla hajawa diwani, Vinzenz Hochlahner alikuwa ameshavunja pua za watu wanne. Ya tano aliivunjia ndani ya ukumbi wa baraza, kwa bilauri ya bia, kwa sababu mwenye pua alisema wafua chuma wa mji wetu, Eisengraben, hawana haja ya bafu. Kiwandani walimbeba juujuu siku nzima. Alikuwa jeuri, tena jeuri wa kupindukia, lakini alikuwa jeuri wetu.

Alikuwa Mwekundu, mjamaa wa chama cha wafanyakazi, hadi kwenye mifupa. Weusi, watu wa chama cha kanisa, walisalimiana kwa jina la Mungu, Wekundu walisema “Urafiki!” wakikutana na wakiagana. Vinzenz alilisema neno hilo hata msibani, hata akiwa amemkaba mtu koo. Mdogo wake Gidi, fundi viatu, siasa hakuzitaka, na salamu yake ilibaki ileile ya kanisani.

“We Gidi, mapadri wamekuroga.”

“Bora mapadri, kaka. Wewe umerogwa na mdomo wako.”

Februari ya mwaka thelathini na nne serikali ya Weusi ilituletea mizinga. Wekundu walipigana siku mbili kutoka madirishani, na Vinzenz aliua. Hilo hakulificha maisha yake yote. Risasi zilipokwisha ikabidi akimbilie mpakani kupitia milimani. Gidi ndiye aliyezijua njia za wachungaji, basi mama yao, Kreszenz, akamtoa kwa shingo upande.

“Vinzenz, huyu hajamkosea mtu,” alisema. “Nirudishie mzima.”

Mchana wa siku ya pili, wakiwa wamevaa kama wanunuzi wa ng’ombe, walifika darajani. Hapo alisimama mwanamgambo mmoja wa Weusi, bunduki begani, manyoya ya jogoo kofiani.

“Kaka, nyamaza kabisa,” Gidi alinong’ona. “Nitasema mimi.”

Akasema yeye. Alisema vizuri hata yule mlinzi akacheka.

“Ng’ombe wa huko? Wamekonda kuliko mama mkwe wangu! Haya piteni, mtajionea.”

Wakapita. Walikwisha kuvuka daraja, na Vinzenz alihisi moyo unarudi mahali pake, mlinzi alipowaaga kwa nyuma: “Mungu awalinde!”

“Urafiki!” Vinzenz akajibu, kwa furaha, bila hata kugeuka.

Risasi ilimpata Gidi shingoni. Mlinzi alikuwa bado anahangaika na bunduki Vinzenz alipomfikia, akamshika masikio, akamgongesha kichwa kwenye ukingo wa daraja, akamgongesha tena, hadi hapakuwa na uso wa kugongesha. Aliporudi, Gidi alikuwa amekwisha kukata roho, theluji chini yake imeloa damu. Vinzenz alivuka mpaka peke yake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili alirudi, akawa meya, na kila uchaguzi alihutubia habari za mdogo wake: jinsi Gidi alivyowatazama maadui usoni na kupaza sauti, “Urafiki!” Watu walilia, wakampa kura. Hatimaye chama kilimchongea Gidi jiwe la kumbukumbu, na bendi ya kiwanda ikaja kupiga siku ya kulifunua. Kreszenz, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, alimtaka mwanawe amsomee maandishi.

“Ägid Hochlahner. Alikufa na neno Urafiki mdomoni.”

“Gidi wangu?” alisema bibi. “Neno hilo halijawahi kutoka kinywani mwake. Nani alilisema?”

“Mama, watu wanatusikia.”

“Wasikie! Nimekuuliza, nani?”

Weusi walimtukana Vinzenz miaka thelathini na hawakumkosesha jibu hata siku moja. Sasa alitazama jiwe, akatazama bendi.

“Mimi,” akasema. “Tulikwisha kupita, mama. Aliniambia ninyamaze.”

Kreszenz aliinua mkongojo wake, na fimbo ya kwanza ilimpasua mdomo. Ya pili ilimng’oa jino, likadondoka kwenye shati lake jeupe pamoja na damu. Mpiga tarumbeta aliruka kumshika bibi mkono, lakini Vinzenz alimsukuma mpigaji huyo kando, naye akaanguka chali. Kreszenz alikuwa mfupi na alikuwa amechoka. Fimbo ya tatu iliishia begani. Vinzenz akapiga magoti ili mama amfikie vizuri.