Dawa ya Magoti ya Kukhu

Kukhu, bibi yangu mzaa mama, alikuwa na Kiswahili cha sokoni. Kilimtosha kuuza ndizi Chwele miaka yote ile, kumkemea mwenye bodaboda aliyekanyaga mafungu yake, na kumsalimia pasta. Mambo mengine yote aliyasema kwa Kibukusu, na asiyekijua, shauri yake.

Mimi nililelewa Kitale, mji ambao kila ploti ina makabila matano na Kiswahili ndicho kinachotupatanisha. Shule zikifungwa nilipelekwa kwake, na kabla hata sijaweka begi chini alikuwa ameshaanza kunicheka. Nilimsalimu kwa Kibukusu changu cha kuchechemea, naye akashika mbavu. "Mke mwenzangu amefunzwa kuongea na kasuku," aliwaambia majirani. Aliniita mke mwenzake kwa sababu babu, alipokuwa hai, aliniita mke wake. Kwetu bibi na mjukuu hawafichani kitu. Tulipokuwa tukipukuchua mahindi jikoni, moshi ukitutoa machozi, alinisimulia jinsi alivyomkataa mchumba wake wa kwanza kwa ajili ya vidole vya miguu yake tu. Mama yangu hakuwahi kuisikia hadithi hiyo. Mimi niliisikia kila likizo, na kila likizo vile vidole viliongezeka ubaya. Ningetoa chochote leo niisikie tena.

Na baba yangu je? Hapo mambo yalikuwa mengine. Kwetu mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hupinda akapitia shambani. Wakiwa na la kuambiana, hupitia kwa mtu wa tatu, na katika utoto wangu mtu huyo nilikuwa mimi. "Mwambie mama mvua imenyesha vizuri mwaka huu," baba alisema akiwa sebuleni, kwa sauti ya kufika jikoni. Nikakimbia. "Mwambie baba yako nimesikia, mahindi yamependeza." Nikarudi mbio. Walikuwa wamesikiana wazi kabisa, lakini nisingeenda, ingekuwa kama hakuna aliyesema neno. Niliipenda kazi hiyo kuliko kucheza.

Mama alifariki nikiwa tayari nimeajiriwa, nikifundisha Kitale. Yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka Kukhu hospitali. Wajomba zangu wako Nairobi na Mombasa, na kwao kumjali mzazi ni kupiga simu. Kwa hiyo jirani aliponipigia kusema Kukhu amedhoofika, hali chakula, tena anatembea kwa kuinama, mzigo ukawa wangu. Wiki hiyo nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Nikamwambia baba, "Si uende naye wewe? Kiswahili chako na Kiingereza chako, hakuna daktari atakayekusumbua."

Baba alikuwa karani wa serikali maisha yake yote, na ukoo mzima ulimtegemea kwa barua na fomu. "Huyo ni mama," akasema.

"Baba, siku hizi mambo yamebadilika bana," nikamjibu.

Akaenda. Aliomba gari la rafiki yake, Kukhu akakaa nyuma, yeye mbele, na kutoka Chwele mpaka Kitale hawakusemezana. Kwenye kliniki walimkuta daktari kijana, mtu wa Pwani, mpole, Kiswahili chake kikitiririka. Kukhu hakuambulia kitu. Basi daktari akamwomba baba awe mkalimani.

Baba alinisimulia baadaye. Aligeukia ukuta, akaisoma ile chati ya uzito wa watoto, akauliza kwa Kibukusu, polepole, "Daktari anauliza mama anaumwa wapi." Kukhu akajifunika leso mpaka mdomoni, akautazama mlango. Akasema, "Magoti."

"Hakuna mahali pengine?"

"Magoti tu." Kisha akamgeukia daktari mwenyewe na Kiswahili chake cha ndizi: "Mimi iko sawa, dakitari. Ni magoti."

Wakapewa dawa ya kuchua. Walirudi mara ya pili, wakapewa nyingine. Mara ya tatu daktari aliandika picha ya magoti ipigwe, na picha ikaonyesha magoti ya mtu aliyelima maisha yake yote, basi. Mimi nilikuwa nikiwapongeza kwenye simu. Nilijiona nimepanga mambo vizuri sana.

Shule zilipofungwa nikaenda kumwona. Asubuhi nilizunguka nyuma ya choo kutafuta kuni, nikakuta vipande vya leso vimeanikwa kwenye ua, mahali jua halifiki vizuri na mgeni hapiti. Vilikuwa vimefuliwa, lakini madoa hayakutoka. Ilikuwa ni ile leso niliyomnunulia Krismasi. Kukhu hedhi ilimkoma kabla sijazaliwa. Niliziacha kuni, nikarudi jikoni.

Nilimuuliza wazi, kama tulivyozoea. Naye akanijibu wazi. Damu ilianza wakati wa kupanda, na sasa mahindi yalikuwa yakivunwa. "Sasa mke mwenzangu," akasema, "ulitaka nimwambie mume wa mtoto wangu kuwa navuja damu? Hata ungekuwa wewe?"

Nilikasirika. Niliikasirikia desturi, nikamkasirikia yule daktari ambaye hakuwaza kumwita hata mwanamke anayefagia kliniki amuulize, nikamkasirikia Kukhu mwenyewe. Hasira zilipokwisha, nikabaki mimi. Tulimtafutia mtu mwenye maneno mengi kuliko wote, na katika watu wote duniani huyo ndiye ambaye Kukhu hangeweza kumwambia neno. Na aliyemtuma nilikuwa mimi, niliyekuwa nikikimbia kati ya jikoni na sebule.

Nilimpeleka hospitali Bungoma. Safari hii nilikuwa mkalimani mwenyewe, na Kibukusu changu ni hicho hicho. Muuguzi aliposema kizazi, sikulijua neno lake kwa Kibukusu. Nikasema, "pale watoto wanapokaa kabla ya kuzaliwa." Kukhu alicheka, na maumivu yote yale. "Kasuku," akasema. Lakini alijibu kila swali, hata yale yaliyoniaibisha mimi.

Ilikuwa saratani, nayo ilikuwa imefika mbali. Daktari alisema tungemleta wakati wa kupanda, angekuwa na mengi ya kutuambia. Maneno hayo sikumtafsiria.

Baba alikuwa amekuja, amesimama kwenye korido karibu na mlango, pale anaposikika kila kitu. Kukhu alimwona kupitia ufa. Akanishika mkono. "Mwambie baba yako ni magoti."

Nikatoka. Macho ya baba yalikuwa mekundu. Nikasema, "Kukhu anasema ni magoti."

Alikohoa. "Mwambie mama nimesikia. Mwambie nitaleta ile dawa."

Na kweli akaileta. Kila alipokuja alikuwa na tyubu ya dawa ya kuchua, akinikabidhi mlangoni bila kuingia. Kila jioni nilimchua Kukhu magoti ambayo hayakuwa yakimuuma, naye alifumba macho akasema inasaidia. Wakati huo tena alinisimulia vile vidole vya miguu. Vilikuwa vimefika sita.

Alifariki kabla mvua za kupanda hazijaanza.

Tulimzika nyumbani, karibu na migomba yake. Baba alisimama mbali, nyuma ya wanaume wengine, mahali pa mkwe. Watu walipoanza kutawanyika aliniita kwa kichwa. Nikamwendea. Alikuwa ameshika kofia kifuani, na sauti yake ilikuwa ile ile ya sebuleni, ya kufika jikoni.

"Mwambie mama anisamehe. Mwambie nilipaswa kumleta mwanamke."

Nikarudi kwenye kaburi, nikainama, nikamwambia kwa Kibukusu, neno baada ya neno. Hakunicheka.